Tuzo na Utunzi: Kelly Clarkson na Suala la Umiliki wa Wimbo Baada ya Shindano la Runinga

Utangulizi

Tangu mwaka 2006 mashindano ya uimbaji katika runinga yameingia katika maisha ya sanaa ya Afrika Mashariki. Mwaka huo Valerie Kimani wa Kenya alishinda awamu ya kwanza ya Tusker Project Fame. Alpha Rwirangira wa Rwanda alishinda mwaka 2009, na Ruth Matete wa Kenya mwaka 2012. Nchini Tanzania, shindano la Bongo Star Search lilimtawaza Walter Chilambo mwaka huohuo wa 2012. Kazi ya kuwajadili vijana hawa imeachiwa magazeti, na magazeti huuliza swali moja tu: yuko wapi sasa? Swali hilo humpima msanii kwa kuonekana au kutoonekana kwake. Swali la kifasihi ni jingine kabisa: mshindi huyu anaimba maneno ya nani, na ni nani aliyemchagulia?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kumwangalia Kelly Clarkson, mshindi wa kwanza wa American Idol nchini Marekani. Ameteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, safari yake imepita miaka ishirini, kwa hiyo ina mwanzo, mgogoro na ukomavu vinavyoweza kufuatiliwa. Pili, watunzi wa nyimbo zake wanajulikana wimbo kwa wimbo, jambo linalomwezesha mhakiki kutofautisha pale mwimbaji alipotamka maneno yake na pale alipotamka ya wengine. Hoja kuu ni kwamba shindano humpa mshindi sauti iliyosikika kote, lakini humnyima neno. Hata hivyo, inadaiwa pia kwamba kulipata neno si sawa na kutunga kila wimbo kwa mkono wake. Ni kupata haki ya kuteua na kubadili.

Mwimbaji na mtunzi katika mapokeo ya Waswahili

Uhakiki wa muziki wa kisasa mara nyingi umeazima, bila kuuhoji, mtazamo kwamba msanii wa kweli ni yule anayeimba alichokitunga mwenyewe. Kwa mtazamo huo, anayeimba cha mwenzake ni chombo tu. Wanafalsafa Adorno na Horkheimer, waliouita utamaduni wa kibepari tasnia kama tasnia nyingine yoyote, walitilia nguvu shaka hiyo: wimbo hutengenezwa kama bidhaa, na mwimbaji ni sehemu ya vifungashio.

Mapokeo ya Waswahili hayakubaliani na mtazamo huu moja kwa moja. Katika taarab, aliyetunga shairi, aliyelitia lahani na anayeliimba mara nyingi ni watu watatu mbalimbali, na hakuna mpenzi wa taarab anayemwona mwimbaji kuwa mwizi wa kazi ya mtunzi. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba na kazi ya kuuza vyungu hadi kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, hakuheshimiwa kwa sababu kila neno alilolitamka lilikuwa limetoka kichwani mwake. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, alimwandika kama mtu ambaye sauti yake ilikuwa imebeba jamii.

Lipo jambo jingine katika taarab linaloligusa suala hili kwa karibu zaidi, nalo ni desturi ya kutuza. Msikilizaji huinuka katikati ya wimbo, akaenda mbele na kumpa mwimbaji fedha pale tu ubeti unapomgusa, au unapomgusa jirani ambaye angependa aupate ujumbe. Neno tuzo limetokana na tendo hilo. Kwa asili yake, basi, tuzo hutolewa kwa neno lililosemwa, mahali liliposemwa, na mbele ya watu wanaojua kwa nini limesemwa. Mwimbaji hulipwa kwa kulifikisha neno kwa mwenyewe. Kura ya simu inayomwinua mshindi wa runinga ni tuzo ya namna nyingine: hutolewa baada ya wimbo kwisha, na humhusu mtu zaidi ya neno. Hadhira inampenda kijana, historia yake na machozi yake. Alichokiimba ni njia tu ya kumfikia.

Tofauti hii ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata.

Ushindi wa maneno ya kuazima

Clarkson alizaliwa mwaka 1982 huko Fort Worth, Texas, akakulia mji mdogo wa Burleson katika jimbo hilohilo. Alipoingia katika American Idol mwaka 2002 alikuwa na umri wa miaka ishirini. Shindano lenyewe lilikuwa limeazimwa kutoka Pop Idol la Uingereza, lililoanza mwaka 2001 chini ya Simon Fuller. Muundo wake ulikuwa kama wa ngano: msichana asiyejulikana anatoka nyumbani, anapita majaribio mbele ya waamuzi wakali, wenzake wanapungua mmoja mmoja, na mwishowe anavikwa taji. Ngano ya aina hii inamhitaji shujaa, lakini haimhitaji shujaa huyo awe na la kusema. Inatosha aweze.

Na Clarkson aliweza. Miongoni mwa nyimbo alizozitumia ni "Respect", na mfano huo una funzo. Wimbo huo ulitungwa na Otis Redding na kutolewa mwaka 1965. Aretha Franklin alipoutoa upya mwaka 1967, aliugeuza malalamiko ya mume kuwa madai ya mwanamke, akauongezea vipande, na tangu hapo ulimwengu ukausahau umiliki wa kwanza. Aretha hakuutunga, lakini ni wake. Kijana wa mwaka 2002 alipousimamia wimbo huo jukwaani, alikuwa anauazima kwa mara ya tatu. Aliuimba vizuri mno, lakini hakuna kilichobadilika ndani yake, kwa kuwa shindano halikuwa limempa nafasi ya kukibadili chochote. Waamuzi walipima upana wa sauti, ufasaha wa noti na mvuto wa sura. Hawakuwa na kipimo cha tafsiri.

Tarehe 4 Septemba 2002 alitangazwa mshindi. Wimbo wa ushindi, "A Moment Like This", ulikuwa umetungwa na Jörgen Elofsson na John Reid kabla ya kujulikana nani angeshinda, na washindani wote wawili wa mwisho waliuimba jukwaani. Jambo hili linastahili kutafakariwa. Wimbo unaozungumzia wakati wa pekee katika maisha ya msemaji ulikuwa umeandaliwa kwa ajili ya msemaji yeyote. Nafsi ya kwanza katika wimbo huo ni kiti kitupu kinachomsubiri wa kukikalia. Hata hivyo, wimbo uliruka kutoka nafasi ya 52 hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard, rekodi kwa wakati ule. Hadhira haikuwa inanunua maneno. Ilikuwa inakinunua kiti na aliyekikalia.

Mwaka uliofuata ulidhihirisha hatari ya hali hiyo. Albamu ya kwanza, "Thankful", ilitoka Aprili 2003 na kufaulu. Lakini filamu "From Justin to Kelly", iliyotolewa Juni mwaka huohuo na kumkutanisha na mshindani wake Justin Guarini, ilianguka vibaya. Filamu ilidhani kwamba shujaa wa ngano anaweza kuhamishiwa katika ngano nyingine yoyote.

Neno la kwanza na mgogoro wa mwaka 2007

Albamu ya pili, "Breakaway" ya Novemba 2004, ndiyo iliyomwondoa Clarkson katika kivuli cha shindano. Februari 2006 ilimpatia tuzo mbili za Grammy. Mhakiki akiichunguza albamu hiyo kwa jicho la utunzi ataona mambo mawili yakiishi pamoja. "Since U Been Gone", wimbo uliompa Clarkson sauti mpya ya roki, ulitungwa na Max Martin na Lukasz Gottwald, na ulikuwa umekataliwa na mwimbaji mwingine kabla ya kumfikia yeye. "Because of You", kwa upande mwingine, ulianza kuandikwa na Clarkson mwenyewe akiwa na umri wa miaka kumi na sita, na baadaye ukakamilishwa pamoja na Ben Moody na David Hodges. Haukukubaliwa katika albamu ya kwanza. Kwa maelezo aliyoyatoa hadharani mwaka 2013, akimjibu msimamizi wa kampuni yake ya kurekodi, Clive Davis, aliyekuwa amechapisha tawasifu, wimbo huo ulidharauliwa ulipowasilishwa kwa wakubwa, na yeye akaambiwa si mtunzi.

Kifasihi, wimbo huo ni tofauti na wimbo wa ushindi kwa jambo moja la msingi: una msemaji maalumu na msemeshwaji maalumu. Msemaji ni mtoto aliyeshuhudia ndoa ya wazazi wake ikivunjika. "Wewe" wa wimbo si mpenzi, ingawa wasikilizaji wengi walimdhania hivyo. Utata huo haukuudhoofisha wimbo. Wanaozijua tungo za mafumbo za Kiswahili hawatashangaa: ujumbe wa nyumbani umevishwa vazi la mapenzi, kila msikilizaji anauchukua kwa kadiri ya jeraha lake, na mlengwa anajijua. Hapa kiti si kitupu tena. Kina mwenyewe, na mwenyewe anawakaribisha wengine wakae kando yake.

Mafanikio hayo yalimpa Clarkson ujasiri wa kudai zaidi. Katika "My December", iliyotolewa Juni 2007, alishiriki kutunga nyimbo zote. Kampuni ilitaka mabadiliko, akakataa, na ugomvi wake na Davis ukawa habari ya kila gazeti. Mwezi huohuo ziara ya maonyesho ilifutwa kwa sababu ya tiketi kununuliwa kidogo, na msanii akaachana na meneja wake. Albamu haikufikia mauzo ya ile iliyoitangulia.

Wahakiki wa wakati ule waligawanyika. Wengine walimwona kama kijana asiye na shukrani, aliyeitupa neema aliyopewa na wapiga kura. Wengine walimwona kama shujaa wa usanii dhidi ya biashara. Mitazamo yote miwili inaponea katika ngano ya shindano: wa kwanza unamtaka mshindi abaki mtoto wa watu waliomchagua, na wa pili unataka tu kuigeuza ngano hiyo kuwa ya mtumwa aliyejikomboa. Kilichoachwa bila kujadiliwa ni tungo zenyewe. "My December" ina ukali wa kweli, lakini baadhi ya nyimbo zake zinaitegemea mno hasira ya msemaji bila kuitafutia sura. Haki ya kutunga ilikuwa imepatikana. Ufundi ulikuwa bado unatafutwa. Mhakiki anayeutetea uhuru wa msanii hana budi kuliona hilo pia, la sivyo utetezi wake utakuwa wa huruma tu.

Mipaka ya hoja ya utunzi

Kama hoja ingekuwa kwamba mwimbaji hukomaa kadiri anavyozidi kutunga, miaka iliyofuata ingeikanusha. Mwaka 2009 Clarkson alirudi kwa Max Martin na Gottwald, ambao pamoja na Claude Kelly walitunga "My Life Would Suck Without You". Wimbo huo uliruka kutoka nafasi ya 97 hadi ya kwanza. Wapo walioliona tukio hilo kama kusalimu amri.

Mwaka huohuo lilitokea jambo lenye mafunzo zaidi. "Already Gone" ni wimbo ambao Clarkson alishiriki kuutunga na Ryan Tedder. Baada ya albamu kukamilika, aligundua kwamba muziki wake ulifanana mno na ule wa "Halo" wa Beyoncé, ambao pia ulikuwa na mkono wa Tedder. Alilalamika hadharani. Tedder alikana kwamba alitumia muziki uleule mara mbili. Kampuni iliutoa wimbo peke yake ingawa msanii hakutaka. Hapa maneno yalikuwa yake kwa kiasi, jina lake liliandikwa miongoni mwa watunzi, lakini bado wimbo haukuwa wake. Aliinyimwa haki ya kusema usitoke.

Kinyume chake ni "Stronger", uliofika nafasi ya kwanza mwaka 2012. Clarkson hayumo miongoni mwa watunzi wake. Yumo, tena, Jörgen Elofsson, yuleyule wa wimbo wa ushindi wa mwaka 2002. Mtunzi ni mmoja, mwimbaji ni mmoja, lakini mkao wao umegeuka. Wimbo wa kwanza ulimsubiri yeyote. Wa pili, unaodai kwamba lisilomuua mtu humtia nguvu, ulimkuta mwimbaji ambaye hadhira ilikuwa imemwona akianguka mwaka 2007 na kuinuka. Maisha ya fanani yaliingia katika matini na kuyajaza. Kwa mujibu wa nadharia ya fasihi simulizi, hili halina ajabu: M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anasisitiza kwamba utanzu hauelezeki kwa maneno pekee bila fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Tukio la mwaka 2012 halikuwa tukio la mwaka 2002, na kwa hiyo hata mkono uleule wa mtunzi ulizaa kitu kingine.

Wimbo unaobadilika

Ushahidi mzito zaidi unapatikana katika "Piece by Piece", uliotolewa mwaka 2015 na kutungwa na Clarkson pamoja na Greg Kurstin. Unarudi katika jeraha la "Because of You", lakini sasa msemaji ni mke na mama. Umejengwa juu ya ulinganishi: baba aliyeondoka upande mmoja, mume anayebaki upande mwingine. Februari 2016, akiwa mjamzito, aliuimba katika jukwaa la American Idol na kushindwa kuyazuia machozi. Toleo hilo liliingia katika nafasi kumi za juu za Billboard. Safari hii jukwaa hilo lilimpokea akiwa na neno lake. Mwaka 2002 jukwaa lilimpa wimbo wa furaha usiokuwa na mwenyewe. Mwaka 2016 alilipelekea wimbo wa uchungu ambao mwenyewe alikuwa amesimama hapo.

Kisa hakikuishia hapo. Ndoa iliyosifiwa katika wimbo ilivunjika, na talaka ikakamilishwa mwaka 2022. Msanii mwenye matini iliyogandishwa angekuwa na njia mbili tu: kuuacha wimbo au kuuimba huku akijua kwamba anasema uongo. Clarkson alichukua njia ya tatu. Katika maonyesho ya baadaye aliyabadili maneno, na sifa zilizokuwa za mume zikamrudia msemaji mwenyewe: sasa yeye ndiye asiyeondoka, na yeye ndiye anayejitunza. Hili ni tendo ambalo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi analifahamu. Wimbo haukuwa rekodi. Ulikuwa ni nafasi ya kusema, na nafasi hiyo hufuata hali ya msemaji.

Sambamba na hayo, tangu Septemba 2019 Clarkson alikuwa akikifungua kipindi chake cha mazungumzo cha runinga kwa kuimba wimbo wa msanii mwingine, na mwaka 2022 alitoa mkusanyo wa nyimbo sita za aina hiyo kwa jina la "Kellyoke". Mtazamo wa juujuu ungesema amerudi alikoanzia, kwenye maneno ya kuazima mbele ya kamera. Lakini aliyerudi si yule aliyeondoka. Mwaka 2002 nyimbo ziliwekwa mbele yake ili apimwe. Sasa yeye ndiye aliyeziweka mbele ya hadhira, akazipunguza kasi, akazihamisha kutoka mapenzi hadi majuto, na kuzifanyia kile ambacho Aretha aliufanyia wimbo wa Redding. Kuazima kwa mtihani na kuazima kwa hiari ni matendo mawili, hata kama wimbo ni uleule.

Hitimisho

Safari hii inaonyesha kwamba swali la nani ametunga, lililo muhimu, halitoshi. Clarkson alitunga na bado akanyimwa wimbo wake mwaka 2009. Hakutunga na bado akaumiliki wimbo mwaka 2012. Kinachomtofautisha msanii na bidhaa ni mamlaka ya kuteua, kukataa na kubadili. Shindano la runinga, kwa muundo wake, humpa kijana umaarufu kabla ya kumpa mamlaka hayo, na mara nyingi mkataba unaoambatana na taji humchelewesha kuyapata. Hata fedha hufuata mkondo huo: mwaka 2014 kampuni ya 19, iliyowasimamia wasanii wa American Idol, iliishtaki Sony ikidai kwamba mrabaha wa wasanii hao, Clarkson akiwa mmoja wao, haukulipwa ipasavyo. Kesi ilikuwa ya kampuni dhidi ya kampuni, na sauti iliyokuwa ikigombewa ilikuwa ya mtu wa tatu.

Funzo hili linarudi Afrika Mashariki kwa njia mbili. Kwanza, linataka washindi wa huku wasomwe upya. Ruth Matete na Walter Chilambo, kwa mfano, baada ya mashindano wote wawili waliuelekeza usanii wao katika nyimbo za Injili. Imani ni sababu tosha, na mhakiki hana haki ya kuipuuza. Lakini hatua hiyo inaweza pia kusomwa kifasihi: ni kuhama kutoka jukwaa ambako mwimbaji huteuliwa wimbo hadi kwenye mapokeo ambako ana la kusema, ana wa kumwambia, na hadhira inaijua sababu ya kusemwa kwake. Anayeuliza wako wapi huenda hajawatafuta mahali walipolikuta neno.

Pili, linawataka walimu wa fasihi wasiuone muziki huu kuwa uko chini ya taaluma yao. Nadharia ya utendaji wanayoifundisha kwa mifano ya ngano na nyimbo za jandoni ndiyo inayofaa zaidi kuueleza, na desturi ya kutuza inawapa kipimo ambacho waamuzi wa runinga hawakuwa nacho. Katika taarab, fedha huwekwa mkononi mwa mwimbaji wakati ubeti bado uko kinywani. Kijana anayekabidhiwa hundi kubwa usiku wa fainali amepewa tuzo kabla ya kusema lolote. Deni linalobaki ni kumpa nafasi ya kulisema.